Maneno Manne ya Mwalimu

Mwalimu alinifukuzia wateja kwa miaka sita, na siku zote hizo sikumwambia aondoke.

Duka langu liko Voi mjini, nyuma ya soko. Napiga chapa, natoa kopi, naskani, na kuwajazia fomu za serikali watu ambao kompyuta inawatisha. Yeye alikuwa amenifundisha Kiingereza sekondari. Alistaafu siku ya Ijumaa, na Jumatatu asubuhi akaingia dukani amevaa koti lake la kahawia, akavuta kiti cha wateja mpaka karibu na printa, akakaa. Nikamuuliza anataka kopi ngapi. Akasema hataki kopi. Nikaelewa kwamba amekuja kukaa.

Koti hilo alilivaa mwaka mzima. Voi ni mji ambao mbuzi huanza kutafuta kivuli saa tatu asubuhi, lakini Mwalimu alikaa mle ndani chini ya bati, vifungo vyote vimefungwa, akijipangusa shingo na kusoma chochote kilichopita mbele yake. Alisoma matangazo ya mazishi. Alisoma risiti za watu. Siku moja alisoma karatasi iliyokuja ndani ya pakiti ya dawa za kichwa, mwanzo hadi mwisho, akaisahihisha kwa biro nyekundu, kisha akairudisha kwa mwenye duka la dawa na kumwambia ampelekee aliyeitengeneza. Mwenye duka alimwuliza kama kichwa kimepoa. Mwalimu akasema dawa hajameza, asingeweza kumeza kitu kilichoandikwa vile.

Kwa hiyo fikiria mteja wangu. Anaingia na barua yake ya kuomba kazi, ameiandika kwa mkono usiku mbili. Ananyoosha mkono anipe, na kabla haujafika kwangu, mkono wa Mwalimu umeshafika.

"Hii barua iko na shida," Mwalimu anasema.

Mteja ananitazama. Mimi natazama kompyuta. Baadhi yao waliketi wakanyooshwa, wakaondoka na barua nzuri kuliko waliyokuja nayo. Wengine walichukua karatasi yao wakaenda kwa mshindani wangu ng'ambo ya barabara, ambaye alichapa makosa yao kama yalivyo na kuwashukuru.

Makosa aliyoyachukia yalikuwa mengi, lakini moja alilichukia kama mtu anavyomchukia shemeji. Kuna msemo wa Kiingereza wa maneno manne, "few and far between". Wakenya tunaupenda. Tunauweka kwenye barua, kwenye tanzia, kwenye hotuba za chifu, kila tunapotaka kusema kitu ni adimu. Na karibu sote tunaugeuza, tunaandika "far and few between", kwa sababu ukiusema haraka unateleza vizuri zaidi hivyo.

Mimi niliugeuza nikiwa kidato cha pili. Niliandika kwenye insha kwamba mvua Voi ni "far and few between". Siku iliyofuata Mwalimu alinisimamisha mlangoni. Akamsimamisha mvulana mmoja kwenye dirisha la nyuma, na msichana mwingine kwenye kona ya ubao.

"Hawa ni wangapi?" akauliza darasa.

"Watatu."

"Ni wengi?"

"Wachache."

"Hiyo ni 'few'. Wanakaa aje?"

"Mbalimbali."

"Hiyo ni 'far between'. Kutoka huyu mpaka yule kuna mwendo. Sasa huyu dada yenu ameandika 'few between'. Nataka mtu anionyeshe hapa nani ni mchache katikati."

Hakuna aliyeonyesha. Akasema mtu anaweza kuwa mchache, na anaweza kuwa mbali, lakini hawezi kuwa mchache katikati. Kisha akaendelea na somo. Wale wawili aliwaambia wakae. Mimi alinisahau mlangoni mpaka kengele ilipolia, na hadi leo sijui kama alinisahau kweli.

Kosa la pili kwenye msemo huohuo, alilolihesabu kuwa baya zaidi, ni kuutumia kusema kwamba hesabu inashuka. "Idadi ikishuka, sema inashuka," alikuwa akisema. "Kuna neno yake, 'dwindling'. Hii nyingine haisemi kitu inapungua. Inasema kitu ni kidogo na imetawanyika. Inaweza kuwa imetawanyika hivyo tangu Adamu." Nilimsikia akiyasema hayo kwa mwanamume aliyekuja kuchapisha kadi za harusi. Kadi hazikuwa na neno hata moja la Kiingereza. Mwalimu alikuwa tu amekumbuka.

Kuna mkulima mmoja alikuja kutoka Njukini, safari ndefu, kuleta malalamiko yake kwa ofisi ya wanyamapori. Ndovu walikuwa wameingia shambani kwake mara tatu, wakala mahindi, wakakanyaga maharagwe, na alitaka waya wa umeme uwekwe upande ule. Alikuwa amechoka na amevaa shati la kanisani. Mwalimu akaichukua barua, akasoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mzee," akamwambia, "ndovu walikuwa wangapi?"

"Wengi. Kundi zima. Mara ya mwisho na watoto wao."

"Na walikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu, Mwalimu. Mmoja alikuna mgongo kwa choo changu."

"Sasa hapa umeandika ndovu wa Njukini ni wachache sana, na wako mbalimbali. Ofisi ikisoma hii itakuandikia pole kwamba hujawaona vizuri."

Mkulima aliitazama karatasi yake kama mtu aliyeonyeshwa nyoka ndani ya kiatu. Akasema kijana wa jirani ndiye aliyemwambia msemo huo ni Kiingereza cha juu. Mwalimu akamwandikia upya, maneno mafupi matupu: ndovu wengi, mara tatu, karibu, choo. Waya uliwekwa, baada ya muda mrefu. Mkulima alirudi na gunia la maharagwe, na Mwalimu alilibeba lote kwenda nalo nyumbani bila kunigawia, ingawa wino na karatasi vilikuwa vyangu.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa bahili. Alikuwa mzee wa kanisa, na Jumamosi mchana alipanda mlima wa Sagalla kuwatembelea wagonjwa, akarudi jioni akinukia mbangara, ile pombe ya nyumbani, akiimba nyimbo za kanisa na kuzisahihisha akiwa anaimba. Mkewe alisema wagonjwa wa Sagalla hawaponi kwa sababu Mwalimu hataki wapone.

Na jambo lililonichekesha kuliko yote ni Kiswahili chake. Mtu huyu ambaye hakuweza kupita kosa la Kiingereza bila kusimama, Kiswahili alikiongea kama anapanda baiskeli isiyo na breki. "Kitabu yangu." "Viti hii." "Watu hiyo." Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kidawida, lugha ya Wataita, ya pili Kiingereza, na Kiswahili alikiokota njiani.

Jirani yangu wa upande wa kulia, Mama Leso, anauza leso na mabuibui. Ni mtu wa Mombasa, wa nyumba ya watu wanaokisema Kiswahili kwa ukamilifu wake. Alivumilia miaka miwili. Siku moja Mwalimu akasema, "Nani amechukua kitabu yangu?"

"Kitabu changu, Mwalimu," Mama Leso akasema akiwa mlangoni.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi."

"Sasa yule kijana wa asubuhi uliyemrudisha na barua yake, wewe hukumwelewa?"

Mwalimu alichukua koti, ingawa alikuwa amelivaa, yaani alilishika tu kolani, akatoka. Hakuonekana siku mbili. Nilitoa kopi kwa amani na wateja walikaa kwenye kiti chao.

Siku ya tatu alirudi, akapita dukani kwangu moja kwa moja mpaka kwa Mama Leso. Nilimsikia kupitia ukuta wa mbao.

"Mama, nimefikiria ile swali."

"Lile swali."

"Lile. Kiswahili tunasema sisi kwa sisi. Nikikosea, wewe utanicheka, tutakunywa chai. Lakini Kiingereza ya barua inaenda kwa mtu hajawahi kutuona. Anakaa na karatasi peke yake. Hiyo karatasi ndiyo sisi. Ikikosea, hakuna mtu wa kumwambia, ngoja, alikuwa anamaanisha hivi."

Mama Leso akasema, "Kiingereza cha barua, Mwalimu." Na akammiminia chai.

Nilifikiri hilo lilikuwa jambo la kujitetea tu. Baadaye niliona kwamba aliliamini, na kwamba alijua pia wakati wa kuliacha.

Mkewe alipofariki, mwana wao aliyefanya kazi Nairobi ndiye aliyeandika tanzia. Ilichapwa huko, kwenye karatasi ya kung'aa, picha ya marehemu mbele. Nusu ya watu waliokuwa pale nyumbani kwao Kaloleni chini ya hema walikuwa wanafunzi wa zamani wa Mwalimu. Mwana akasimama kusoma. Alipofika ukurasa wa pili akasoma kwamba nyakati ambazo mama yake alikasirika zilikuwa "far and few between".

Niliona vichwa vikiinuka hema nzima. Daktari aliinua kichwa, mhasibu wa kaunti akainua, mwenye hoteli akainua. Sote tulimtazama Mwalimu. Alikuwa anatazama viatu vyake, na aliendelea kuvitazama mpaka tanzia ikaisha.

Wiki chache baadaye, dukani, nilimwuliza.

"Mwalimu, ile tanzia. Uliona?"

"Niliona usiku ilipoletwa."

"Na hukumwambia?"

"Mtoto ameandika akilia. Utamwambia nini?" Akapangusa shingo. "Na hata angeandika sawa, ilikuwa uongo. Mama yake alikuwa anakasirika kila siku. Alikuwa anakasirika akiwa amelala."

Akacheka, kicheko kirefu, kisha akapenga kamasi muda mrefu zaidi ya kicheko chenyewe. Nikawasha printa ili ipige kelele.

Mwaka uliofuata Madam akaja. Madam ni mwalimu mkuu wa shule moja ndogo ya msingi Sagalla, upande wa juu. Ni Mkamba, aliletwa na kazi akazoea. Aliingia na bahasha, na hakumpa Mwalimu karatasi moja kama wengine, alimpa mbili. Ya kwanza ilitoka ofisi ya elimu. Ilisema kwamba kwa kuwa idadi ya wanafunzi wa shule hiyo inazidi kupungua, ofisi imeona vyema kuifunga na kuwahamishia watoto shule ya chini ya mlima. Ya pili ilikuwa jibu lake, la kuomba shule isifungwe. Mstari wa kwanza ulisema kwamba ni kweli, "the number of our pupils is far and few between", lakini anaomba huruma.

Nilikaza shingo nikisubiri. Nilijua kiti kingelia akiinuka kwa hasira.

Mwalimu aliisoma mara mbili. Kisha akauliza kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea, "Madam, watoto wanapungua?"

"Wao ndio wanasema wanapungua."

"Nakuuliza wewe. Wanapungua?"

Madam akafikiri. "La. Tangu nifike tuko vilevile. Huyu akiondoka, mwingine anazaliwa. Ni wachache tu. Hatujawahi kuwa wengi."

"Uko na rejista?"

"Za miaka yote."

"Sasa kwa nini unawaambia ni kweli?"

Madam alisema barua ilitoka ofisini, ina muhuri, na mtu akipata barua yenye muhuri anaanza kwa kukubali.

Mwalimu akaziweka karatasi mbili kando kwa kando juu ya printa yangu. Akamwonyesha neno la ofisi, "dwindling". Kitu kinachopungua, akasema, mtu anaweza kukifunga kwa moyo safi, kwa sababu kitaisha chenyewe, yeye anakisaidia tu. Lakini kitu ambacho ni kichache na kimekaa mbalimbali hakielekei kuisha. Kipo hivyo. Ukikifunga umekiua wewe. "Wao wamesema moja," akasema, "na wewe umetaka kusema ingine, lakini umeigeuza ikawa haina maana. Hapa neno sahihi ndiyo kesi yenyewe."

"Basi niandikie sahihi," Madam akasema.

"Siwezi. 'Few' nitaona kwa rejista. 'Far between' sijaona."

Nilidhani anatania. Jumamosi hiyo tulipanda Sagalla watu watatu, kwa bodaboda mpaka pale barabara inapokata tamaa, halafu kwa miguu. Mwalimu alikuwa na goti bovu na lile koti. Alitaka kwenda kutoka shule mpaka nyumba za watoto, moja baada ya nyingine, na kutoka nyumba za mwisho mpaka ile shule ya chini. Alitazama saa yake kila tulipoondoka na kila tulipofika, na mimi nikaandika kwenye daftari.

Nyumba ya kwanza ilikuwa karibu. Ya pili haikuwa karibu. Kati ya ya pili na ya tatu tulishuka bonde kavu tukapanda upande wa pili, na Mwalimu alikaa kwenye jiwe akaita mlima huo majina kwa Kidawida ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Madam alikuwa mbele, amebeba viatu mkononi. Nilimwomba Mwalimu turudi, tuandike makadirio.

"Makadirio ni ya watu hawana miguu," akasema, akainuka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya msichana wa gredi ya tano, Mghoi, anayeishi na nyanyake. Tulifika jua likiwa juu kabisa. Nyanya alituketisha kwenye mkeka, akaingia ndani, akatoka na kikombe kimoja cha maji. Pale maji huletwa kwa jerikani kutoka chini, na tuliona jerikani zenyewe, mbili, moja imelala tupu. Mwalimu alikunywa funda moja akampa Madam, Madam akanipa mimi, nami nikamrudishia nyanya kikiwa bado na kitu.

"Mnahesabu watoto?" nyanya akauliza. Alikuwa ameona daftari.

"Watoto walishahesabiwa," Mwalimu akasema. "Tunahesabu katikati."

Nyanya alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi kidato cha pili. Akamwita Mghoi, akamwambia atuonyeshe njia ya kushuka mpaka shule ya chini, ile ambayo angelazimika kuipita kila siku. Mghoi alituongoza. Karibu na chini alisimama, akatuonyesha mti uliovunjwa katikati na kinyesi cha ndovu kando ya njia, bado kibichi. Kisha akaendelea kutembea, kama mtu aliyeonyesha wageni bomba la maji.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mwalimu aliitamka akiwa amesimama kwa sababu goti lilikataa kukunjika, mimi nikachapa. Ilianza hivi: "Our pupils are not dwindling. They are few and far between." Ikaeleza kwa mistari michache tofauti ya mambo hayo mawili, rejista ikiwa ushahidi wa la kwanza na daftari langu ushahidi wa la pili: nyumba gani, mwendo gani, njia gani, mti gani. Haikuomba huruma. Madam alitaka neno hilo lirudi, hata mahali padogo tu, mwishoni. Mwalimu akamwambia ofisi haina huruma, lakini pengine ina mtu.

Ilikuwa naye. Baada ya miezi akaja afisa, mwanamke kijana, na gari lake likasimama palepale bodaboda zinaposimama. Madam alimtembeza kwa kufuata daftari. Anasimulia kwamba kwenye bonde kavu afisa alikaa juu ya jiwe, akavua kiatu, akauliza nyumba zimebaki ngapi. Alipoambiwa, aliandika kitu kwenye simu yake kwa muda, kisha akainuka akaendelea. Alifika kwa nyanya. Alipewa kikombe.

Halafu kimya. Na katika kimya hicho Mwalimu akaacha kuja dukani.

Mwanzoni nilishukuru. Kisha kiti kikaanza kunisumbua. Wateja walikaa juu yake wakasubiri kimya, nami nikajikuta nawasomea barua zao na kuwarudishia. Nilipoteza wawili kwa siku moja. Mama Leso akaniuliza yule bwana amekwenda wapi, nikasema sijui, naye akanitazama hivi kwamba nikaona aibu. Kaloleni si mbali.

Nilipata sababu Madam aliposhuka na jibu la ofisi. Lilikuwa wazi, alikuwa ameshalisoma, lakini alikataa kuniambia lina nini. Alisema Mwalimu ndiye anayestahili kulisikia kabla ya watu wengine, na yeye alikuwa na mkutano wa wazazi. Nikaenda Jumapili baada ya ibada.

Nilimkuta barazani, bila koti. Sikuwa nimewahi kumwona bila koti. Alikuwa mdogo zaidi kwa umbo. Alikuwa anabambua pojo ndani ya ungo, vidole vikifanya kazi vyenyewe, uso ukitazama mbele kuelekea barabarani. Nilimsalimia, akanitambua kwa sauti.

"Umefunga duka ama limefungwa?"

"Ni Jumapili, Mwalimu. Nimeleta jibu la Sagalla."

Nikampa. Alipangusa mikono, akaishika karatasi, akaigeuza upande mmoja na mwingine, akapapasa muhuri kwa kidole gumba. Kisha akanirudishia.

"Nisomee."

"Miwani iko wapi?"

"Miwani haisaidii tena. Ni mtoto wa jicho, macho yote mbili. Daktari amesema wapasue, mimi nimesema nangoja." Akasema hivyo kama anayeongea juu ya kuku. "Kwa hiyo siji dukani. Nitakuja nifanye nini, nisikie printa?"

Nikasoma. Nilisoma vibaya, na Mwalimu hakunikatiza. Ofisi ilisema imezingatia umbali wa makazi. Shule haitafungwa. Gredi ya kwanza hadi ya nne zitabaki juu. Gredi ya tano na ya sita, wakiwa ni wakubwa kiasi cha kutembea, watahamia shule ya chini kuanzia muhula ujao.

Nilimaliza. Alikuwa ameacha kubambua.

"Mghoi ni gredi ya ngapi?"

"Tano."

"Tumepata nusu," akasema.

"Si nusu, Mwalimu. Ni zaidi ya nusu. Wadogo wote wamebaki."

"Ndovu anauliza gredi?"

Kuku walikuja kuokota pojo zilizoanguka, naye akawaacha. Halafu akaniambia niingie ndani, kwenye meza ya chakula kuna fulskepu na biro. Nikamwambia kesho nitachapa dukani, itakuwa nzuri zaidi. Akasema kesho hajui atakuwa ameamka na hasira kiasi gani, anataka hii ya leo.

Alitamka, nikaandika kwa mkono kwenye kibao cha kukatia mboga nilichokiweka magotini. Ilikuwa fupi. Ilishukuru ofisi kwa kutembea. Ilisema mtoto wa miaka kumi anaweza kutembea, jambo hilo halikuwa na ubishi, na ikaorodhesha anachokutana nacho akitembea. Mara mbili aliniambia nimsomee tena kutoka mwanzo. Mara ya pili alinisimamisha kwenye mkato mmoja niliousahau, niliousoma bila kupumua.

Barua hiyo ilirudisha gredi ya tano, nilikuja kujua baadaye. Ya sita haikurudi. Lakini siku ile hatukujua lolote, tulikuwa watu wawili barazani na karatasi.

"Nani ataweka sahihi?" nikauliza. Nyingine zote alizoandika zilikuwa na sahihi za wenyewe, za mkulima, za Madam. Jina lake halikuwahi kuwa hata kwenye moja.

"Leta," akasema.

Nikamwekea karatasi juu ya meza ndogo, nikaushika mkono wake nikauweka penye mstari. Alisubiri nitoe wangu. Kisha akaandika kwa kasi ya mtu aliyesaini kadi za matokeo miaka thelathini, herufi kubwa za kulala, na hakuona mahali karatasi ilipoishia. Herufi tatu za mwisho ziliandikwa juu ya meza.

"Imekaa sawa?" akauliza.

"Imekaa sawa, Mwalimu."

Jumatatu nilifungua duka, nikawasha kompyuta, nikaitazama ile barua. Kisha nikaikunja na kuipeleka ofisini vilevile, kwa mwandiko wangu, na jina lake likiwa limekatikia ukingoni.